Gauni la Marinda: Mambo ya Kujua Kabla Kitambaa Hakijakatwa

Mazungumzo na walaji wa Mazingara, Handeni na Korogwe



Tumezoeana kuzungumza juu ya mizani ya mahindi, mbegu na mbolea. Leo tunazungumza juu ya vazi, nalo ni gauni la marinda: kifua kilichokaa sawasawa mwilini, kiuno kilichobanwa kwa mkanda, na sketi pana inayoshuka hadi chini ya magoti. Wazee wetu wanalifahamu, kwa kuwa ndilo linaloonekana katika picha nyingi za miaka ya 1950. Wajukuu wao wamelipenda upya, na wapo wanaoliita gauni la zilipendwa. Huvaliwa ofisini, kanisani, harusini na hata sokoni. Kwa kuwa watu wanalitolea fedha, na fedha hiyo mara nyingi ni ya mavuno ya msimu mzima, imetupasa tulizungumzie.

Tuanze na asili yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nguo zilikuwa adimu duniani. Uingereza ziligawiwa kwa kadi, na mgao huo haukwisha mpaka mwaka 1949. Tarehe 12 Februari 1947, mjini Paris, mshoni Christian Dior alionyesha magauni yenye kiuno chembamba na sketi iliyokula kitambaa kingi. Baadhi ya watu walikasirika, wakaona ni israfu. Wengi zaidi walifurahi, kwa maana walikuwa wamechoka na dhiki ya vita. Mtindo ukasafiri kwa magazeti, kwa sinema na kwa meli. Kwetu haukuwa mgeni kabisa, kwani wanawake wa pwani walikuwa wakishona marinda tangu zamani. Lakini tukumbuke jambo moja: tangu mwanzo gauni hili lilikuwa gauni la kitambaa kingi. Humo ndimo uzuri wake ulimo, na hasara ya mlaji huanzia humo humo.

Mwenzetu mmoja ofisini alirithi kitenge kutoka kwa marehemu mama yake. Kilikuwa kimekunjwa sandukuni miaka mingi, na ilikuwa nia ya mama kwamba bintiye ashone gauni la kuvaa siku ya furaha. Alimpelekea fundi pamoja na picha ya zamani ya mama huyo, akiwa kijana, amevaa gauni la marinda. Hapakuandikwa lolote. Fundi alisema, "Nimeelewa, dada." Siku ya kuchukua nguo, sketi ilikuwa fupi kuliko picha kwa kiganja kizima, na kiuno hakikufunga. Kitambaa hakikutosha, na fundi aliligundua jambo hilo akiwa amekwisha kukata. Fedha ya ushonaji ilirudishwa baada ya mabishano. Kitenge cha mama hakikuweza kurudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na kitambaa kikikatwa hakiungiki kikawa kilivyokuwa. Mengi tutakayoyasema leo yangeweza kumwepusha mwenzetu na huzuni hiyo.

Kwanza, kipimo

Msinunue kitambaa kabla ya kujua sketi itakatwaje. Marinda yana namna nyingi, nasi tutataja mbili zitumikazo sana: sketi ya duara kamili na sketi ya nusu duara.

Chukulieni mwanamke mwenye kiuno cha sentimita 72, anayetaka sketi yenye urefu wa sentimita 65 kutoka kiunoni, na kitambaa chenye upana wa sentimita 115. Sketi ya duara kamili hukatwa vipande viwili vya nusu duara. Pamoja na pindo la sentimita 3, vipande hivyo huhitaji kama mita 3.2 za kitambaa. Ongezeni mita 1 ya kifua na mikono: jumla ni kama mita 4.2. Sketi ya nusu duara, kwa mwili huo huo na urefu huo huo, huhitaji kama mita 1.8, pamoja na kifua, jumla haifiki mita 3. Tofauti ni zaidi ya mita moja, nayo ni fedha. Nusu duara huanguka vizuri, haipepei mno, na kwa matumizi ya kila siku yatosha kabisa.

Hapo ndipo suala la yadi na mita linapoingia. Yadi 1 ni sentimita 91.44 tu. Anayeuziwa yadi 4 amepata mita 3.66, wala si mita 4. Amepungukiwa na sentimita 34. Kitambaa hicho chatosha nusu duara, lakini hakitoshi duara kamili. Yadi 6 ni kama mita 5.5, nazo zatosha duara kamili na kubaki. Muulizeni muuzaji kwa maneno yaliyo wazi: "Unanipimia mita au yadi?" Kisha mtazame akipima. Kitambaa kilazwe juu ya meza bila kuvutwa, kipimwe kwa kijiti kilichonyooka, na si kwa mkono wa mtu, kwa sababu mikono ya watu hailingani. Vipimo vya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na mlaji ana haki ya kuuliza kama kijiti kinachotumika kimekaguliwa.

Pili, kitambaa chenyewe

Neno "pamba tupu" husemwa kwa wepesi sana gulioni. Ombeni uzi mmoja kutoka ukingoni, muushike kwa kibano mbali na nguo na mbali na watoto, kisha muuwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalosagika. Poliesta huyeyuka, hujikunyata na kuacha kidonge kigumu. Hatusemi poliesta ni mbaya. Haikunjamani upesi na hukauka haraka wakati wa masika. Tunasema tu kwamba bei ya pamba ilipwe kwa pamba.

Rangi nayo ijaribiwe. Loweni kitambaa cheupe, mkisugue juu ya ua lenye rangi kali. Kikichafuka, fahamuni kwamba gauni hilo litachuja, na likifuliwa pamoja na nguo nyingine litaziharibu.

Jambo la tatu kuhusu kitambaa ni kurudi. Vitambaa vingi vya pamba hurudi vinapofuliwa mara ya kwanza. Kikirudi kwa sentimita 4 katika kila mita, kiuno cha sentimita 72 huwa kama sentimita 69, na gauni lililokaa vizuri kwa fundi halifungi tena nyumbani. Nguo pana hustahimili upungufu huo. Gauni la marinda halistahimili, kwa sababu uzuri wake wote umejengwa juu ya kiuno. Basi kiloweni kitambaa, kianikeni kivulini, kipigeni pasi, ndipo mkipeleke kwa fundi.

Tatu, makubaliano na fundi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hatuwatuhumu mafundi wetu. Wengi wao ni waaminifu, na maandishi huwalinda wao pia. Karatasi moja ya daftari la shule yatosha. Iandikwe tarehe, aina ya sketi, urefu kutoka kiunoni, vipimo vya kifua, kiuno na mabega, kama kutakuwa na bitana, zipu, mfuko na mkanda, kiasi cha kitambaa kilichokabidhiwa, bei yote, arabuni iliyotolewa, siku ya kujaribu na siku ya kuchukua. Wote wawili watie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala.

Siku ya kujaribu isiachwe. Gauni lijaribiwe likiwa limeungwa kwa uzi wa muda, kabla ya kushonwa moja kwa moja. Vaeni sidiria na viatu mtakavyovaa siku yenyewe, mketi, muiname, mnyanyue mikono. Mwambieni fundi aache kitambaa cha akiba cha sentimita 2 au 3 katika mishono ya ubavuni, kwani mwili hubadilika. Vipande vilivyobaki ni mali ya mwenye kitambaa, na hufaa kwa mkanda, kilemba au kiraka cha baadaye.

Nne, anayenunua mtumba

Gauni la namna hii huonekana pia katika mitumba, na pengine likawa limeshonwa vizuri kuliko jipya. Msiamini namba iliyo shingoni: namba 12 ya Uingereza si namba 12 ya Marekani, na namba za zamani hazilingani na za leo. Nendeni na futi ya fundi, mpime kiuno cha gauni lenyewe. Litazameni juani mkilielekeza kwenye mwanga, mkaangalie kwapa, zipu na mishono ya kiunoni, ambako ndiko nguo huanza kuoza. Mkifika nyumbani lifueni kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyoweza kuvumilia, lipigeni pasi ndani na nje, ndipo mlivae.

Gagulo la kuvalia ndani lisiwe la mtumba. Nguo za ndani zilizotumika zimepigwa marufuku nchini chini ya viwango vya Shirika la Viwango Tanzania, kwa ajili ya afya ya mlaji. Gagulo jipya la pamba nyepesi hushonwa kwa kitambaa kidogo, hulinda gauni lisigande mwilini wakati wa jua la Handeni, na huipa sketi umbo lake.

Tano, kulivaa kila siku

Vazi hili halihitaji sherehe. Kwa kazi, livaeni na viatu vya chini, mkanda mwembamba na sweta fupi asubuhi ya baridi. Kwa msikitini au msibani, mtandio mpana na mikono mirefu hukamilisha sitara. Kwa sokoni, kilemba cha kitambaa kile kile chatosha bila pambo lingine. Penye vumbi jekundu kama letu, chagueni rangi ya udongo, kijani au buluu iliyoiva, na mweke nyeupe kwa siku ya mapumziko.

Lakini tunawaomba msikilize maneno haya mawili kwa makini, kwa kuwa yanahusu uhai. La kwanza ni pikipiki. Sketi pana inaweza kunaswa na gurudumu au mnyororo, na abiria akavutwa chini. Kabla ya kupanda, kusanyeni marinda yote, myakalie, na myafunge kwa khanga mapajani. Bodaboda asiondoke mpaka abiria aseme yu tayari. La pili ni moto. Anayepika kwenye mafiga au jiko la mkaa asivae sketi inayopepea, hasa ya poliesta, ambayo huyeyuka na kugandamana na ngozi. Vueni, au mjifunge khanga ya pamba juu yake kwa kuibana. Gauni hushonwa tena, mwili haushonwi.

Sita, haki zenu

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo au sampuli iliyoonyeshwa. Kwa hiyo kitambaa kilichouzwa kama pamba na kikawa si pamba, au mita iliyopungua, ni dai halali.

Ombeni risiti daima. Hitilafu ikitokea, mrudieni kwanza muuzaji au fundi kwa heshima, mkiwa na karatasi yenu na nguo yenyewe bila kuirekebisha mahali pengine. Semeni mnachotaka: marekebisho, kitambaa mbadala au fedha. Msipoelewana, nendeni kwa afisa biashara wa halmashauri. Kwa upungufu wa kipimo, nendeni Wakala wa Vipimo. Kwa upotoshaji, Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Mahakama ya Mwanzo nayo iko wazi kwa madai ya namna hiyo. Asiyekuwa na karatasi hazuiwi kudai, lakini safari yake huwa ndefu.

Tumalizie kwa mwenzetu. Vile vipande vilivyosalia vya kitenge cha mama hakuvitupa. Alimpata fundi mwingine, wakaandikiana, wakapima mara tatu, wakaongeza kitambaa cha rangi moja kwa ajili ya sketi, na kile cha mama kikawa kifua na mkanda. Alilivaa siku ya harusi ya mwanawe. Hakika si gauni lililomo katika picha, lakini waliomjua mama walikitambua kitenge mara moja.

Ndugu zetu, ahadi ni deni, na deni liandikwalo hulipika kwa urahisi. Nunueni kwa kipimo, shoneni kwa makubaliano, vaeni kwa usalama.