Mgeni Alale Soin: Njia ya Baiskeli Kutoka Kericho Hadi Ziwa Viktoria



Nimeombwa nizungumzie njia za baiskeli za kitalii katika nchi yetu hii ya milima inayotelemkia ziwa. Hoja yangu ni moja, na ninaitaja mapema ili mwenye kuipinga apate nafasi ya kujiandaa. Njia ya kwanza tutakayoichora isifuate lami kuu ya kwenda Kisumu. Itoke Kericho mjini, ishuke kupitia Sigowet na Soin hadi Sondu, ifike ziwani Kendu Bay, kisha irudi juu kupitia Muhoroni, Koru, Fort Ternan na Kipkelion. Na mgeni alale Soin.

Tutazame hali ilivyo leo. Mgeni anafika Kericho kwa gari, anateremka kando ya barabara, anapiga picha ya majani chai, anakunywa kikombe kimoja, na kabla jua halijageuka yuko Kisumu anakula samaki. Kati ya chai na samaki kuna takriban kilomita 80, na katika kilomita hizo hakununua hata yai. Soin kwake ni mahali alipofungua dirisha kwa sababu ya joto. Lakini hapo ndipo nchi inapogeuka. Kericho iko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi. Uso wa ziwa uko mita 1,134 au karibu na hapo. Katika mteremko huo chai inakoma, mahindi yanashika, mbuzi wanaongezeka kuliko ng'ombe wa gredi, miti inakuwa mifupi yenye miiba, halafu tambarare ya Nyando inafunguka na miwa yake. Mwendesha baiskeli anayapata mabadiliko hayo kwenye ngozi na kwenye pumzi. Asubuhi amevaa sweta, saa sita ameifunga kwenye karia.

Mfano wa kuigwa hauko mbali. Rwanda walichora Congo Nile Trail kando ya Ziwa Kivu, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, ikipanda na kushuka milima, ikipita mashamba ya chai ya Gisovu na vituo vya kusafishia kahawa. Sehemu kubwa ni barabara za udongo ambazo wanakijiji walikuwa wakizitumia zamani. Waliyoongeza ni vibao, ramani na mahali pa kulala. Nchi hiyohiyo ilikuza mashindano ya Tour du Rwanda, na mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yakafanyika Kigali, mara ya kwanza kwa bara la Afrika. Milima waliyokuwa wakiilalamikia ndiyo iliyowaleta wageni.

Najua vijana wengi humu ukumbini mkisikia baiskeli mnawaza mbio. Mna haki. Kenya tuna mashindano ya changarawe ya Migration Gravel Race tangu 2021 kule Mara, na tulikuwa na Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, aliyefariki akiwa kwenye mashindano Vermont, Marekani, Agosti 2022. Aliamini kwamba kijana wa Afrika Mashariki akipewa baiskeli nzuri na mashindano ya kutosha atafika mbali. Lakini mbio huleta watu siku chache kwa mwaka. Mtalii wa baiskeli huja mmoja mmoja, wawili wawili, mwaka mzima, na kila jioni ana njaa.

Sasa usalama, na hapa naomba tusiende haraka. Tarehe 10 Oktoba 2018 basi lilipinduka kwenye mteremko wa Fort Ternan, zaidi ya watu 50 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha njia pale Londiani Junction likaparamia magari na wachuuzi, na zaidi ya watu 50 wakafa tena. Barabara zetu za mteremko zinaua hata walio ndani ya vyuma. Kumtuma mtu wa baiskeli kati ya malori ya mafuta na matatu, kwenye lami isiyo na njia ya pembeni, ni kumdhulumu. Ndiyo maana nasisitiza barabara ya Kapsoit kwenda Sondu na zile za changarawe za ndani. Upande wa Fort Ternan njia ishikwe kwa kupanda tu, si kwa kushuka, na kila inapowezekana ipite vijiji vya nyuma vilivyo karibu na reli.

Mteremko mrefu una hatari yake hata kusipokuwa na lori. Breki za mpira zinazobana ringi zikishikwa bila kuachiwa, ringi huchemka, na baiskeli yenye mizigo inaweza kupasua tyubu katikati ya kona. Mgeni aambiwe asimame kila baada ya kilomita chache, aguse ringi, apumzishe mikono. Tena aondoke mapema. Kericho hunyesha zaidi mchana kuliko asubuhi, upepo wa ziwani unapokutana na ule wa nyanda za juu, na mvua ya mawe hapa ni jambo la kawaida zaidi kuliko karibu popote duniani. Anayeondoka saa moja asubuhi atakuwa Soin kwenye jua wakati wenzake wa Kericho wanakimbilia vibarazani.

Nilisimama kwa fundi mmoja wa baiskeli pale soko la Kipsitet, huko Soin, chini ya mti, nikaangalia anavyofanya kazi. Baiskeli imepinduliwa, inasimama kwa kiti na usukani. Anatoa tyubu, anaitia upepo, anaizamisha kwenye karai la maji, anatazama povu linapotokea, anapakwaruza, anapaka gundi, anabandika kipande alichokata kwenye tyubu kuukuu. Hakuna aliyemfundisha darasani, na pancha yake haivuji. Lakini nilipomuuliza kuhusu baiskeli za wageni alinionyesha shida ambayo sisi wapanga mipango hatuijui. Tairi la Black Mamba, baiskeli ya kazi ya hapa kwetu, huitwa inchi 28, na la baiskeli nyingi za watalii huitwa inchi 28 vilevile, ila ringi ya kwanza ina kipenyo cha milimita 635 na ya pili 622. Hazibadilishani. Valvu ya mgeni ni nyembamba, pampu ya hapa haiikamati. Kwa hiyo fundi mwenye ujuzi wote huo anamwacha mgeni aende kwa miguu. Dawa yake ni ndogo: sanduku moja la vipuri Kapsoit, moja Kipsitet, moja Sondu, yaani tyubu za 622, vichwa vya pampu, spoku chache na nyaya za breki, likabidhiwe fundi aliye tayari pale. Ni bei ndogo kuliko ya kibao kimoja cha barabarani chenye picha ya mheshimiwa.

Nije kwenye historia, kwa sababu mtu hapandi milima hii kwa miguu yake aje aone majani peke yake.

Kericho mjini ataoneshwa kanisa la Holy Trinity na Tea Hotel iliyojengwa na Brooke Bond miaka ya 1950, na akiwa na nafasi atapelekwa kwenye bustani ya miti ya Chagaik na bwawa lake. Ni sawa, ni pazuri. Ila hapohapo mwongozaji amwambie jinsi ardhi hii ilivyokuwa ya Wakipsigis kabla ya kampuni kubwa kuanza kupanda chai katikati ya miaka ya 1920, na jinsi wenyewe walivyosukumwa kwenye hifadhi za wenyeji. Amwambie habari za ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho, ambao mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa na kuwapeleka Gwassi, kando ya ziwa, mahali pa mbung'o na malaria. Wazee na watoto walihamishwa kutoka baridi hii hadi joto lile kwa kosa la kuzaliwa. Njia yetu inateremka kuelekea ziwa hilohilo. Mgeni anayeitelemka kwa raha yake apate kujua kwamba wengine waliteremshwa kwa nguvu, na kwamba wajukuu wao bado wanadai haki. Wapo watakaosema habari hizi zinaharibu starehe. Mimi nasema mtu aliyetumia miguu yake kufika hapa ana moyo wa kuzisikia.

Upande wa kupanda kuna utajiri ambao watoto wetu wenyewe hawaujui. Koru, mwaka 1926, daktari na mlowezi aitwaye Gordon aliokota visukuku ambavyo baadaye vilitambuliwa kuwa vya nyani wa kale, na mwaka 1933 vikapewa jina Proconsul. Fort Ternan, kwenye shamba la mkulima wa machungwa Fred Wicker, Louis Leakey alichimba mwaka 1961 akapata taya la kiumbe wa miaka milioni 14 hivi iliyopita. Alikiita Kenyapithecus wickeri, kwa heshima ya nchi na ya mwenye shamba. Sayansi ya asili ya binadamu inaijua Fort Ternan; dereva wa matatu anayepita hapo kila siku hajaambiwa. Na kando yake inapita reli iliyofika Kisumu Desemba 1901, ikishuka kutoka Mau juu ya madaraja ya chuma yaliyojengwa na kampuni ya Kimarekani. Anayepanda kwa baiskeli huyaona madaraja hayo kwa chini, vyuma vikivuka bonde, na ana muda wa kuhesabu nguzo.

Kwa Bomet, iliyo nje ya njia hii, sitasema mengi. Maporomoko ya Tenwek yanayoiwashia hospitali umeme, na kumbukumbu za uvamizi wa Waingereza Sotik mwaka 1905, vinastahili njia yake, na wenyeji wa huko ndio waichore.

Kulala Soin kunahitaji nini? Kitanda safi, neti, choo, maji ya kuoga na chakula cha jioni. Hoteli haihitajiki. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na hapa kupona kutakuwa kwa shilingi zinazobaki kwa mama wa boma. Apewe kimyet, yaani ugali, na mboga za isagek, na baadaye mursik, maziwa yetu ya mgando. Aoneshwe sotet, kibuyu cha maziwa, inavyosafishwa kwa ufagio wa sosiot, na kijiti cha senetwet kilichochomwa kikisuguliwa ndani hadi maziwa yatoke na rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Hilo atalisimulia kwao kuliko atakavyosimulia chai, maana chai anaipata dukani kwao. Vikundi vya akina mama vilivyoko hapa vina uwezo huo leo. Wanachokosa ni mtu wa kuwaletea mgeni, na wa kuhakikisha malipo hayaishii mfukoni mwa wakala Nairobi.

Sondu ni pazito, na nisingekuwa mkweli nikiparuka. Soko lile linakutanisha Wakipsigis, Wajaluo na Wakisii. Maziwa yanashuka, samaki wanapanda, viazi vitamu vinatoka Kabondo. Ni soko hilohilo ambalo limechomwa zaidi ya mara moja katika vurugu za mpakani, tangu siasa za miaka ya mwanzo ya 1990 zilipowasha moto nchi nzima ya bonde hili. Njia inayovuka pale lazima iwe mali ya kaunti za Kericho, Kisumu na Homa Bay kwa pamoja, na waongozaji wabadilishane: kijana wa Soin amfikishe mgeni Sondu, wa Sondu amfikishe Katito na Kendu Bay. Mwendo wa baiskeli ya mtu mmoja hauleti amani, lakini fundi wa upande huu na mwenye nyumba wa upande ule wakitegemea mgeni mmoja, wote wawili wana hasara siku soko linapofungwa.

Ng'ambo hiyo ya Kendu Bay mgeni ataona misheni ya Waadventista ya Gendia, iliyoanzishwa mwaka 1906 na mmisionari Carscallen akiwa na Peter Nyambo wa Malawi, na Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililo kwenye shimo la volkano, lenye heroe kando yake. Wenyeji husimulia kwamba kijiji kilizama pale baada ya kumnyima bi kizee chakula na mahali pa kulala.

Kabla ya kuchora ramani ya mwisho, tuangalie ujenzi wa bwawa la Koru-Soin kwenye mto Nyando. Litabadilisha barabara kadhaa za ndani. Ni rahisi kuomba kipande cha njia ya miguu na baiskeli kwenye michoro sasa kuliko kukibomolea ukuta baadaye.

Naomba basi kikao kiamue mambo matatu leo. Barua ziandikwe kwa mashamba makubwa ya chai kuomba ruhusa ya kupita barabara zao za ndani, maana askari wa geti hana mamlaka ya kumruhusu mgeni. Masanduku ya vipuri yanunuliwe. Na safari ya majaribio ifanyike Januari, ukavu ukiwa umeingia, waende vijana wa Soin na wa Sondu pamoja, na fundi wa Kipsitet awe mmoja wao, alipwe kwa siku zake.