Ufa Katika Krenki ya Baisikeli

Wasikilizaji wetu wa Mbeya na Iringa, leo twapenda kusema nanyi habari ya krenki, yaani ule mkono wa chuma ushikao pedeli. Nchi yenu ni nchi ya vilima. Mtu apandaye kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini, au atokaye Uyole kuelekea Tukuyu, naye amefunga gunia la viazi nyuma, hakanyagi pedeli kwa mguu tu. Husimama juu yake kwa uzito wake wote. Krenki ikikatika hapo, mpandaji huangukia usukani, na kipande kilichobaki huweza kumpasua mguu.

Wengi husema, "Imekatika ghafula." Mara nyingi sivyo. Tazameni mahali palipokatika, nanyi mtaona sehemu mbili: moja ni laini, ina weusi wa mafuta na kutu, na pengine mistari kama ya kombe la pwani, ya pili yang'aa, nayo yakwaruza kidole. Ile nyeusi ni ufa wa siku nyingi. Ile ing'aayo ndiyo peke yake iliyokatika siku ile.

Maana chuma huchoka. Tarehe 8 Mei 1842, karibu na Versailles katika Ufaransa, ekseli ya injini ya gari la moshi ilikatika, wakafa watu zaidi ya 50. Baadaye Mjerumani August Wöhler alizijaribu ekseli kwa miaka mingi, hata mwaka 1870, akaonyesha ya kuwa mzigo mdogo urudiwao mara nyingi hukivunja chuma ambacho mzigo mkubwa wa mara moja haukukivunja. Sasa, enyi wanafunzi, hesabuni. Krenki ikizunguka mara moja, baisikeli ya kawaida huenda kama meta 5. Mchuuzi aendaye kilometa 10 na kurudi huizungusha kama mara 4,000, na kwa siku 300 ni mara 1,200,000. Hata tukiiondoa miteremko, chuma hicho kimekunjwa mara nyingi mno.

Ufa hupenda kuanzia ukingoni mwa tundu la pedeli, au penye pini ifungayo krenki na ekseli, au penye alama ya nyundo. Methali ya kuziba ufa yahusu ukuta. Ufa wa krenki hauzibiki.

Kuutafuta si kazi ngumu. Osheni krenki, ikauke. Ipakeni mafuta ya taa, ngojeni nusu saa, ifuteni sana kwa kitambaa, kisha ipakeni unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka, yachore mstari juu ya weupe ule. Mafundi wa reli walizipima ekseli zao kwa njia ya namna hii. Mkifuta na mstari ukarudi palepale, huo si mkwaruzo.

Krenki za alumini za baisikeli za siku hizi zataka kuangaliwa zaidi, kwa kuwa alumini huzidi kuchoka hata kwa mizigo midogo.

Krenki yenye ufa isichomelewe, kwani moto huidhoofisha pembeni mwa kiungo. Itoeni, mwende nayo dukani; maana hesi za tundu la kushoto hugeuka kinyume cha zile za kulia, na ya upande mmoja haitaishika pedeli ya upande wa pili.