Zamu wa Muda Alipwe Lini?

Ndugu wasimamizi wa sosiete za ulinzi, ndugu wa mashirika, nanyi walinzi mliotoka lindoni asubuhi hii mkaja moja kwa moja hapa ukumbini,

Mada niliyopewa ni wakati wa kumlipa mlinzi wa muda, yule tunayemwita zamu. Nina hoja moja tu ya kuitetea: siku ya malipo yake huhesabiwa tangu kazi yake inapokwisha. Ankara ya mteja haina nafasi katika hesabu hiyo.

Hapa Bukavu zamu wa muda tunamjua. Huitwa kulinda ghala wakati msaada unashushwa, kukaa mlangoni pa ukumbi wa harusi kule Ibanda, kulinda saruji na vyuma vya nyumba inayojengwa Panzi, au kushika nafasi ya mwenzake aliye likizo. Hukesha mara tatu, mara tano, pengine wiki mbili. Akiuliza fedha zake, anaambiwa asubiri mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukifika, anaambiwa mteja bado hajalipa.

Sheria yetu ya Kazi hapa Kongo ni ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Inataka mshahara ulipwe kwa vipindi visivyozidi mwezi mmoja, na usichelewe zaidi ya siku sita baada ya kipindi unachohusu. Wasimamizi wengi wanaijua kanuni hii, na kwa nia njema kabisa wanamwingiza zamu wa muda katika orodha ya malipo ya mwezi pamoja na walinzi wa kudumu. Lakini sheria hiyohiyo ina kanuni nyingine: chochote ambacho mfanyakazi bado anadai siku kazi inapokoma lazima alipwe ndani ya siku mbili za kazi. Kwa mlinzi aliyeajiriwa kukesha mara tatu, kazi imekoma asubuhi ya mkesha wa tatu. Aliyelinda harusi kuanzia Ijumaa na kuondoka Jumapili alfajiri anapaswa kuwa na fedha zake mkononi kabla Jumanne haijaisha, isipokuwa kama kuna sikukuu katikati.

Najua jibu litakalotoka upande wa pili wa ukumbi: huyu tunamwita kila wiki, kazi yake haijakoma. Sawa. Basi tufungue kifungu cha 40. Mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akishatimiza siku 22 za kazi katika muda wa miezi miwili, ajira mpya atakayopewa kabla ya miezi hiyo miwili kwisha inahesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo. Kifungu cha 42 kinaongeza kwamba nafasi ambayo ni ya kudumu katika kampuni hujazwa kwa mkataba usio na kikomo. Kwa hiyo mwajiri ana njia mbili. Kama huyu ni mtu wa siku chache, amlipe siku chache zake zinapokwisha. Kama ni mtu wa kila wiki, amtambue kuwa mfanyakazi wa kudumu, ampe karatasi ya malipo, likizo na kila haki inayofuata. Kumwita wa muda siku ya kumpa haki na kumwita wa kudumu siku ya kumlipa ni kuvunja sheria pande zote mbili.

Majirani wamelisema jambo hili kwa uwazi zaidi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kibarua wa siku alipwe jioni ya siku hiyohiyo. Mbali zaidi, jimbo la California nchini Marekani liliona mwaka 2016 kwamba walinzi wa muda wanahitaji kutajwa waziwazi, likaandika kwamba walipwe kila wiki.

Kwa nini siku hizi chache ziwe na uzito? Mwaka 2018 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kuwa franki 7,075 kwa siku. Mtu wa kipato cha namna hiyo hana akiba ya kungojea. Mshahara ukichelewa, anakula kwa deni butikini, na deni likijaa anakwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, kwenye kile tunachokiita banque Lambert, ambako riba inaweza kumeza nusu ya alichokopa. Mama wa nyumba anapunguza unga, mtoto anarudishwa kutoka shuleni. Hapo ucheleweshaji umekuwa makato, ingawa kwenye karatasi hakuna kilichokatwa. Na tukumbuke kazi yenyewe: huyu ndiye tuliyemkabidhi funguo usiku, mara nyingi bila silaha, kwa kuwa sheria haimruhusu mlinzi binafsi kuibeba.

Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa kundi la AFC/M23 na benki zikafunga milango, sababu mpya imepatikana: hakuna benki, hakuna malipo. Ugumu huo ni wa kweli na sitaki kuudharau. Hata hivyo fedha za wateja na malipo ya bidhaa za wafanyabiashara zimeendelea kutembea kwa simu, kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Njia iliyomfikishia mwenye ghala fedha zake inaweza kumfikia na mlinda ghala. Ninachoomba ni kwamba gharama ya kutoa fedha hizo kwa wakala aibebe mwajiri, ili mshahara ufike ukiwa mzima.

Kwa wasimamizi, ombi langu ni dogo. Kabla ya kukubali kazi ya siku chache, mwombeni mteja aweke kwanza fedha za walinzi, zikae kando na faida yenu. Mteja asiyeweza kufanya hivyo hastahili kulindwa kwa njaa ya mtu mwingine. Mwandikieni zamu karatasi yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na kiasi.

Kwenu walinzi: dai la mshahara linakufa baada ya mwaka mmoja tangu siku ulipopaswa kulipwa. Kupokea sehemu ya fedha bila kulalamika hakufuti haki ya kudai iliyobaki. Kabla ya mahakama ya kazi, shauri hupitia kwanza kwa mkaguzi wa kazi kwa upatanisho. Andikeni tarehe za kila mkesha, na anayedai mshahara ampelekee mwajiri barua yenye uthibitisho wa kupokelewa, leo, kabla mwaka haujakatika.