Dini Haina Kosa, Kosa Liko Katika Mgao



Tusikiapo kwamba watu wa nchi fulani wanauana kwa ajili ya madhehebu, hutikisa vichwa na kusema, "Hiyo ni chuki yao ya kale." Kauli hiyo ni nyepesi, tena inapotosha. Tofauti za madhehebu ni za kale kweli. Lakini siasa ya madhehebu hutengenezwa na watu, kwa tarehe zinazojulikana na kwa maslahi yanayojulikana. Tuitazame Lebanoni.

Wasuni na Washia walitofautiana juu ya nani aongoze umma baada ya kufariki Mtume mwaka 632. Wamaroni ni Wakristo wa milima ile, wenye umoja na Kanisa la Roma. Hao wote, pamoja na Wadruze, waliishi jirani kwa karne nyingi, wakigombana na kupatana. Yalipozuka mapigano ya Wadruze na Wamaroni mwaka 1860, Dola ya Waturuki na mataifa makubwa ya Ulaya waliupa Mlima Lebanoni baraza la utawala ambalo viti vyake viligawanywa kwa madhehebu. Mbegu ikawa imepandwa.

Mfaransa akaimwagilia maji. Aliunda Lebanoni Kubwa mwaka 1920, akahesabu watu mwaka 1932. Ulipofika uhuru mwaka 1943, wakubwa walipatana kwa mdomo: Rais awe Mmaroni, Waziri Mkuu awe Msuni. Baadaye ikawa desturi Spika awe Mshia. Bungeni, kila viti sita vya Wakristo vilikwenda na vitano vya Waislamu.

Matunda yake ni nini? Tangu mwaka 1932 nchi hiyo haijafanya sensa rasmi nyingine, maana kuhesabu watu ni kutikisa viti vya wakubwa. Mwaka 1975 vita vikalipuka. Vilikuwa na sababu nyingi, na mikono ya nje haikukosekana. Hata hivyo mgao ule ndio uliochora mistari ya mapigano. Vilipokwisha mwaka 1990, zaidi ya watu laki moja walikuwa wamekufa. Mapatano ya Taif ya mwaka 1989 yaligawa viti vya Bunge nusu kwa nusu, yakaahidi kuufuta mgao wenyewe. Ahadi hiyo haijatimizwa.

Ndugu watumishi, kabla ya mwaka 2020 walinzi wa misitu waliofaulu mtihani wa utumishi nchini humo walinyimwa ajira kwa sababu Waislamu waliofaulu walikuwa wengi kuliko Wakristo. Ndugu walimu, Taif iliagiza kitabu kimoja cha historia kwa shule zote. Hakijapatikana, kwa kuwa kila upande una mashujaa wake. Hata vijana wa madhehebu mbalimbali wanaotaka ndoa ya kiserikali hulazimika kwenda nje, wengi wao Kupro.

Na mnyonge anafaidi nini? Benki zilipofunga milango mwaka 2019, akiba za Mmaroni na za Mshia zilikwama pamoja. Mlipuko wa bandari ya Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, uliua zaidi ya watu 200 bila kumwuliza mtu dhehebu lake. Mwezi Oktoba 2019 umma ulijaa viwanjani ukiwataka watawala waondoke: "Wote, yaani wote!" Walitambua kwamba kila mkubwa alijificha nyuma ya dhehebu lake, akidai kwamba kumgusa yeye ni kuigusa dini.

Ndugu zangu, dini haina kosa. Dhehebu hugeuka kuwa chama siku ile linapokuwa mlango wa kazi, wa shule na wa haki. Na mlango huo haulindwi na mawaziri peke yao. Unalindwa na afisa anayepokea barua ya maombi ya kazi, na mwalimu anayeita majina darasani. Afisa huyo akisoma jina kabla ya kusoma cheti, Lebanoni imekwisha kuingia ofisini mwake.