Takriri ya Nyuzi: Gitaa, Kipokeo na Kumbukumbu ya Wimbo



Nimepewa heshima ya kuzungumza mbele ya hadhara hii, nami nitaanza kwa kukiri kosa. Miaka mingi iliyopita niliandaa mkusanyo mdogo wa maneno ya nyimbo za dansi kwa ajili ya darasa langu la ushairi. Kwa kuwa karatasi zilikuwa haba, kila mstari uliojirudia niliuandika mara moja tu, kisha nikatia mabano: mara mbili, mara nne. Mahali ambapo gitaa peke yake ndilo lililosema sikuandika kitu. Wanafunzi wakasoma, wakaniambia kwa adabu kwamba hawakuona ushairi wowote pale. Juma lililofuata nikaleta kaseti. Kabla wimbo wa kwanza haujafika katikati, darasa zima lilikuwa likikiimba bila maneno kifungu cha gitaa. Hata leo, nikikutana na baadhi yao, hukikumbuka kifungu kile. Beti nilizowagawia wamekwisha kuzisahau.

Hoja yangu jioni hii ni kwamba takriri ya gitaa ni sehemu ya matini ya wimbo, na kwamba mhakiki anayeiacha hajausoma wimbo wenyewe.

Jambo hili lisitushangaze sisi tuliolelewa na tenzi. Katika utenzi, mistari mitatu ya kwanza ya ubeti hubadili kina chake kila mara, lakini kina cha mstari wa nne, ambacho wengi hukiita bahari, hurejea kile kile tangu ubeti wa mwanzo hadi wa mwisho. Msikilizaji hukingojea. Anayeghani akisahau neno, kina kile humvuta alifikie. Katika shairi kazi hiyo hufanywa na kipokeo. (Wengine husema kibwagizo, wengine mkarara, ugomvi huo nauachia kikao kingine.) Jadi yetu ilikwisha kujua kwamba kinachorudi ndicho kinachobaki.

Sasa tumtazame Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, na miongoni mwa nyimbo alizozipata ni “Masanga”. Mwenda alicharaza nyuzi kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba lilishika sauti za chini, kidole cha shahada kikaenda juu, na msikilizaji asiyeambiwa hudhani wapigaji ni wawili. Kifungu ni kifupi, nacho hurudi tena na tena. Lakini hakirudi kikiwa kile kile kabisa: mara mkazo umehamia pigo jingine, mara sauti moja imeongezwa, mara moja imeachwa. David Rycroft, aliyezichambua tungo za gitaa za Mwenda katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, aliona haja ya kuziandika kwa nota hatua kwa hatua, jambo ambalo wakati huo wachache walilifanya kwa mpiga gitaa wa Kiafrika. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, na wengi walioipenda santuri yake hawakuyaelewa maneno. Gitaa walilishika.

Kwa nini walishike? Tunaposikia kifungu kwa mara ya kwanza, akili ina kazi ya kukipokea. Mara ya pili hukitambua, na mara ya tatu hukitangulia: tumekwisha kukiimba moyoni kabla ya kidole kugusa uzi. Hapo msikilizaji amekuwa mshiriki. Na kwa kuwa mzigo wa kujifunza umepungua, sikio linapata nafasi ya kuona badiliko dogo ambalo lisingeonekana mwanzoni.

Watafiti wa saikolojia ya muziki wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Diana Deutsch, mwaka 1995, alikuwa akihariri sauti yake mwenyewe ya mazungumzo. Fungu moja la maneno liliporudiarudia, akalisikia kama linaimbwa. Katika majaribio aliyoyachapisha pamoja na wenzake mwaka 2011, jambo hilo lilithibitika kwa wasikilizaji wengine, ilhali silabi zilipovurugwa katika kila marudio uimbaji ule haukutokea. Naye Elizabeth Margulis alichukua vipande vya Luciano Berio na Elliott Carter, watunzi mashuhuri wa muziki mgumu usio na marudio mengi, akavikata kwa kompyuta na kurudia baadhi ya sehemu pasipo kujali sana ustadi. Wasikilizaji walivipenda zaidi vile vilivyorudiwa, na wakaviona kuwa ndivyo hasa vilivyotungwa na binadamu. Sijui Berio angesema nini.

Naomba nisieleweke vibaya. Kurudia peke yake hakumfanyi mtu kuwa mtunzi. Kengele ya mlango nayo hurudia. Mpiga gitaa la solo katika sebene ya Kikongo, au katika sehemu ile ya kasi ambayo wanamuziki wa dansi wa Tanzania waliiita chemko, hukaa juu ya kifungu kimoja kwa dakika nyingi huku gitaa la ridhimu na la besi yakimzunguka, na umahiri wake ni kujua lini aguse tofauti. Katika benga vilevile, gitaa hupokea mstari wa mwimbaji na kuurudisha, kama nyatiti ya Wajaluo yenye nyuzi nane ilivyofanya kabla yake. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati aliyefariki mwaka 2006, aliwafunza wasikilizaji wake kungoja jibu la uzi kama mtu anavyongoja kiitikio.

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba katika mikusanyo yetu ya nyimbo tuache tabia ya kuandika “mara nne” na kupita. Mstari ulioimbwa mara nne uchapwe mara nne. Penye gitaa, tuonyeshe kwamba gitaa limeingia, limerudi mara ngapi, na wapi limebadilika. Mwanafunzi asiyejua nota anaweza kuhesabu. Na kazi hii ifanywe mapema, maana kaseti haisubiri. Ile niliyoipeleka darasani ninayo bado, na utepe umechakaa hasa pale gitaa linaporejea, kwani hapo ndipo tuliporudisha nyuma mara nyingi kuliko kwingine kote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, nitamwomba fundi mitambo atupigie “Masanga” kabla ya maswali. Wenye kalamu wahesabu.