Odiansi ni ya watu wote: tuingie, na tujue kukaa



Leo tunaacha barabara na maji. Tunazungumza juu ya benchi za nyuma kwenye tribinali, zile ambazo mara nyingi ziko tupu. Mwenzetu anapita mbele ya hakimu, ndani ya sale kuna mama yake na polisi wawili. Sisi tuko nje, tunangoja habari. Ukiuliza juu ya nini, wanakujibu: "Nitaingia namna gani? Sina konvokasio."

Kusikiliza odiansi hakuombi konvokasio. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 20, inasema odiansi ni za wazi, isipokuwa hakimu akiona uwazi ule ni hatari kwa utulivu wa watu ao kwa maadili. Hapo anaamuru milango ifungwe. Kifungu cha 21 kinataka hukumu iandikwe, itoe sababu zake, isomwe mbele ya watu. Na kifungu cha 149 kinasema haki inatolewa kwa jina la raia. Raia ni sisi. Mtu akikuomba franka ili ukae kwenye benchi, usilipe.

Lakini benchi ile tunaweza kuipoteza kwa dakika moja. Anayeongoza odiansi ndiye analinda utulivu ndani ya sale. Akisema toka, unatoka hapo hapo, na anaweza hata kukufungisha. Tukipiga makofi juu avoka wetu amesema vizuri, tukimzomea prokireri, tukiingia na mabango, tumempa sababu ya kututoa wote. Na anayebaki peke yake ni yule tuliyekuja kumsimamia. Kuna watu wangefurahi sana sale ibaki tupu. Tusiwafanyie kazi hiyo bure.

Basi, fikeni mapema, na muwe na uvumilivu: odiansi ya saa tatu inaweza kuanza saa sita. Hakimu wakiingia, wote simameni, msikae mpaka wao wakae. Sheria inataka wanaosikiliza wakae kimya na kichwa wazi. Hapa Kasongo, penye Waislamu wengi, hili linaleta maneno. Mwenye kofia ya swala amuulize karani mapema, kwa sauti ya chini, asingoje kuitwa mbele ya watu. Mabango na mafulana yenye maandishi yabaki nyumbani siku hiyo.

Ukiitwa kusema, simama, sema "Bwana hakimu" ao "Mama hakimu", jibu kile umeulizwa. Usijikaze kwa Kifaransa. Kiswahili ni moja kati ya lugha nne za taifa. Kama hakimu hakisikii, omba mkalimani. Wako watu wanaoitikia "wi, wi" kwa woga, halafu wanatia sahihi kwenye karatasi wasiyoielewa. Kusema "sijaelewa, bwana hakimu" haiko kosa la adabu.

Simu ndiyo inatuponza zaidi. Kuizima tu haitoshi kwa mtu mwenye mkono mwepesi, iache nje. Mnakumbuka kesi ya Kavumu, Kivu ya Kusini, juu ya watoto wadogo waliobakwa. Tarehe 13 Desemba 2017, mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha, na mmoja wao alikuwa mbunge wa jimbo. Ili ifike pale, mashahidi walisema wakiwa wamefunikwa na sauti zao zimegeuzwa. Sasa fikirini odiansi kama ile kule Salamabila, ambako kila mtu anamjua mwenzake kwa mwendo tu. Picha moja kwenye WhatsApp, hata ya mgongo, hata ya kitambaa cha mama, na usiku ule ule waliomtesa wanajua ni nani amesema. Kwa hiyo hakimu akifunga milango kwa kesi ya ubakaji, tusipige kelele kwamba wanaficha. Tutoke, tungoje. Siku ya hukumu tuko na haki ya kurudi.

Na jambo moja dogo: hakuna kumtembelea hakimu kwake jioni, hata kwa kumsalimia tu, hata kwa kuku mmoja. Tunalalamikia wale wanaofanya hivyo.

Kwa odiansi ijayo tutakuwa kumi, si hamsini, juu sale ni ndogo na jamaa za pande zote mbili wanahitaji nafasi. Wawili wataandika kwenye daftari: saa ya kuanza, majina ya hakimu, nini kimeahirishwa, mpaka tarehe gani. Mmoja atabaki chini ya mti na simu zote. Wanaotoka Kabambare kwa pikipiki, mtuambie mapema, ili tuwatafutie mahali pa kulala.