Bustani ikiharibika, tusiharibu na ujirani

(Mazungumzo mbele ya vikundi vya bustani za nyumbani, Uvira, Kivu ya Kusini)

Mlitualika tuzungumze juu ya mbegu, lakini tunaomba kuanza na hasara, maana hiyo sisi sote hapa tunaijua.

Mnakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika. Wengine walipoteza watu na nyumba. Hatulinganishi msiba wao na lengalenga zetu. Lakini kwenye bustani yetu palibaki mchanga na mawe tu. Tulipanda upesi juu ya mchanga ule, na mbegu zikakauka. Kosa lilikuwa letu: mchanga haushiki maji. Mama jirani alitucheka kwanza, kisha akatuonyesha kuondoa mawe, kuchanganya samadi na majani yaliyooza, na kuanza na tuta moja tu. Baada ya majuma manne hivi tulichuma lengalenga.

Nyanya nazo zilitushinda. Zilinyauka zingali na majani ya kijani, nasi tukazidi kuzimwagilia. Kumbe ni ugonjwa unaokaa udongoni. Kata shina karibu na mizizi, ulisimamishe katika glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, mmea ule hauponi. Ung'oe, uuchome, na pahali pale usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Panda mahindi au vitunguu.

Sasa mbuzi. Mbuzi wa jirani aliingia asubuhi moja akala kabeji zote. Tulikasirika, tukamfunga kwetu hadi alipwe. Sisi, tunaofundisha watu kusuluhishana! Kufikia jioni habari ilikwisha geuka: ati tunataka kumchinja, ati tunawadharau kwa sababu ya kabila lao. Watoto wa pande mbili walianza kurushiana mawe. Katika mji huu tunajua jambo la namna hiyo linavyoweza kuishia.

Usiku ule ule tulimrudisha mbuzi na kuomba msamaha kwa kumfunga. Haikuwa rahisi, na mwenye mbuzi hakutukaribisha kuketi. Kesho yake tulikaa chini ya mwembe pamoja na mzee wa avenue. Jirani alisema hana franka za kulipa kabeji. Tukamwomba samadi, ambayo alikuwa akiitupa, na mikono yake kwa siku moja. Tulikata matete pamoja, tukajenga ua. Yeye alikubali kumfunga mbuzi nyakati za mimea michanga. Sisi tunampelekea majani ya kabeji yasiyolika.

Mke wake bado hatusalimii vizuri. Hatumlazimishi.

Siku ya Posho ijayo, kila kikundi kilete shina moja la nyanya iliyonyauka na glasi. Mwenye ugomvi wa mifugo ambao haujaisha abaki nasi kidogo baada ya mkutano, na kama inawezekana aje na jirani yake.